Penseli ya Mzee wa Dirishani

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 23, stashahada ya kompyuta, na kiburi cha kujaza basi zima pamoja na buti lake. Kampuni moja ya mabasi ya Kaskazini ilinipa kazi ya kuwatengenezea programu ya kukatia tiketi. Siitaji jina, maana makosa yote yalikuwa yangu na wao walinilipa bila kunizungusha. Ofisi yao ilikuwa stendi ya Ubungo, chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Nyuma ya dirisha hilo alikaa mzee mwenyeji wa Same, aliyekuwa akikata tiketi tangu enzi za foleni za sukari.

Alikuwa na chati, penseli na Bic ya bluu. Chati ni karatasi pana yenye viboksi vya viti, kila basi na karatasi yake, kila tarehe na karatasi yake. Penseli ilikaa nyuma ya sikio, Bic mfukoni mwa shati. Ukimpigia simu, "Mzee, nishikie kiti cha dirishani, saa nane nakuletea nauli," anaandika jina lako kwa penseli. Saa nane ukifika, anahesabu noti zako mara mbili, anazitia droo, anaandika tiketi juu ya kaboni, anachana yako anakupa, kishina kinabaki kitabuni. Hapo ndipo anapotoa Bic na kupitisha wino juu ya ile penseli. Usipotokea hadi saa kumi, kifutio kinapita, na kiti kinarudi sokoni kama vile hujawahi kupiga simu.

Utaratibu huo sikumwona akiuvunja hata siku moja. Nilimwuliza kwa nini anaanza na kishina wakati chati ndiyo iliyo mbele ya macho yake. Akasema, "Mwanangu, mimi naweza kuitwa nje katikati ya kazi. Umeme unaweza kuzima. Nikirudi nafungua kitabu. Kishina kikisema na chati haisemi, naijaza chati. Chati ikisema na kishina hakisemi, natafuta nani kaichezea Bic yangu."

Nilicheka. Nikamwambia muda wa karatasi umekwisha. Akajibu, "Sawa, mwanangu," na kuendelea kuchonga penseli yake kwa wembe.

Programu yangu niliiandika kwa PHP, kumbukumbu zake zikakaa kwenye MySQL. Kamusi zinatutaka tuseme kanzidata, wengine hifadhidata. Mafundi tunasema databesi, na humu nitasema hivyo. Seva ilikuwa kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza ya mzee, na dirisha jipya la Kariakoo liliifikia kwa modemu iliyopiga simu kwa milio ya ajabu. Karani akiuza kiti, programu ilifanya mambo manne yakifuatana: inauliza kama kiti kiko wazi; kama kiko wazi inaandika jina la abiria; inaandika nauli kwenye jedwali la mapato; inapunguza idadi ya viti vilivyobaki. Nilijaribu peke yangu, usiku, kwa majina ya kubuni. Ilikwenda kama maji.

Kisha ikaja Desemba. Aliyewahi kukaa Dar es Salaam anaijua Desemba ya Ubungo, Wachaga wote wa mjini wakitaka kufika Moshi kabla ya Krismasi. Tarehe 22 alfajiri nilikuwa stendini kuona matunda ya kazi yangu, na matunda niliyoyaona ni mama mmoja mwenye ndoo ya plastiki na kijana mmoja mwenye begi la mgongoni, wote wawili mlangoni mwa basi moja, kila mmoja na tiketi ya kiti namba 14. Tiketi safi, zimechapwa kwa mashine. Moja ya Ubungo, nyingine ya Kariakoo. Muda uliochapwa ulilingana hadi dakika.

Wapiga debe walifurahi kuliko walivyofurahi mwaka mzima. "Kompyuta imeoa wake wawili!" mmoja akapaza sauti. Yule mama hakucheka. Alinitazama, akauliza, "Baba, wewe ndiye mwenye hiyo mashine?" Nikasema mimi ni fundi tu. Mzee akatoka ofisini, akampakia kijana kwenye kiti cha konda, konda akasafiri amesimama hadi Chalinze, ambako abiria mmoja alishuka.

Chanzo nilikijua jioni ile ile. Kati ya kuuliza na kuandika palikuwa na upenyo, chini ya sekunde moja. Ubungo imeuliza: wazi. Kabla haijaandika, Kariakoo nayo imeuliza: wazi. Zote mbili zikaandika. Mzee hakuwahi kupata tatizo hilo kwa sababu karatasi ilikuwa moja na mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimeleta mikono miwili juu ya karatasi moja, bila kuambiana lolote.

Baadaye nilisoma kwamba hata wakubwa walianzia kwenye kiti. Mapema miaka ya 1960, IBM na shirika la ndege la American Airlines walijenga mfumo wa SABRE kwa ajili ya hilo hilo, viti vichache, makarani wengi waliotawanyika Marekani nzima. Lakini Desemba ile sikuwa na habari za SABRE. Nilikuwa na mama mwenye ndoo.

Umeme nao ukaongeza lake. Ukikatika baada ya jambo la pili na kabla ya la tatu, abiria ana kiti na mapato hayana habari naye. Ukikatika baada ya la tatu, pesa ipo na idadi ya viti inadanganya. Wakati mwingine jedwali zima liligoma kufunguka, MySQL ikitangaza kwamba limeharibika na linahitaji kutengenezwa, nami nikalala Ubungo na tochi mdomoni nikiendesha amri za ukarabati huku walinzi wakiota moto nje. Asubuhi mzee alinikuta nimelalia kibodi. Alikuwa ameendelea na chati yake kisirisiri muda wote, na kwa chati hiyo nilirekebisha databesi yangu. Sikumshukuru inavyostahili.

Dawa nilikutana nayo kwenye kitabu cha kukopa, nakala ya kudurusu iliyokosa kurasa. Sura ya miamala. Siku hizi neno muamala liko kinywani mwa kila mtu, na tozo za mwaka 2021 zilipoingia hata bibi kijijini alijua muamala ni nini na umemkata shilingi ngapi. Wakati ule kwangu lilikuwa neno la vitabu vya fikihi, shughuli za watu na watu, mbali na ibada. Kumbe kwenye databesi maana yake iko karibu na hiyo hiyo. Muamala ni mambo kadhaa yanayohesabiwa kuwa jambo moja: ama yote yamekuwa, ama hakuna lililokuwa. Unafungua kwa amri ya BEGIN, unafanya manne yako, unafunga kwa COMMIT. Likiharibika lolote njiani, unatoa ROLLBACK, yaani unaghairi, na databesi inarudi ilivyokuwa.

Mtu aliyeyaweka mawazo hayo sawa kuliko wengi ni Jim Gray, aliyefanya kazi kwenye maabara ya IBM huko San Jose miaka ya 1970 na kupewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Alieleza kwamba dhana hii asili yake ni sheria ya mikataba, na mfano aliopenda ulikuwa wa ndoa: mfungishaji anamwuliza huyu, anamwuliza yule, na kabla wote wawili hawajakubali hakuna ndoa. Mtu wa Pwani hahitaji maelezo zaidi. Ijabu (kutoa) bila kabuli (kukubali) ni maneno tu. Wali umeiva, shela imefungwa, lakini bwana harusi bado ni kapera. Komiti ni ile kabuli. Mwaka 1983 Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, wakazikusanya sifa nne za muamala chini ya ufupisho wa herufi nne, ACID, ambao kila mwanafunzi wa kompyuta hukariri usiku wa kuamkia mtihani na kuusahau asubuhi yake.

Nikakimbilia programu yangu. BEGIN hapa, COMMIT pale, na nikaongeza kitufe cha "Ghairi" kinachopiga ROLLBACK. Usiku mmoja kazi ikaisha. Nikamwita mzee aone. Nilitaka aone, hasa yeye.

"Tazama, mzee. Nauza kiti namba 9." Nikaandika jina lake mwenyewe. "Sasa mteja kabadili nia. Nabonyeza hapa." Nikabonyeza Ghairi. Skrini ikasema muamala umeghairiwa. Nikafungua orodha ya viti kwa madaha.

Kiti namba 9 kilikuwa na jina lake.

Nikarudia kwa kiti namba 10. Nacho kikabaki na jina. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Kwa hiyo," akasema, "kifutio chako hakifuti."

Ilinichukua wiki mbili kujua kwa nini, na hadi leo nikikumbuka nasikia joto masikioni. MySQL ya enzi hizo ilikuwa na namna zaidi ya moja ya kutunza majedwali. Ukiunda jedwali bila kusema kitu, ilikupa MyISAM, yenye kasi, nyepesi, na isiyojua muamala ni nini. Ukiiambia BEGIN, haikatai. Ukiiambia ROLLBACK, haikatai pia; inaacha onyo dogo pembeni, ambalo PHP yangu haikuwa ikilisoma, kisha inaendelea na shughuli zake. Kila ulichoandika kilikuwa wino tangu herufi ya kwanza. Mwongozo wake wenyewe wakati ule ulitetea msimamo kwamba kazi nyingi hazihitaji miamala, unaweza kufunga jedwali zima kwa kufuli na mambo yakaenda haraka zaidi. Sisi tuliosoma mwongozo huku tunasinzia tukaamini.

Mimi si wa kuwalaumu Waswidi wa MySQL. Walisema walichofanya. Kinachoniuma ni kile kimya. Mashine iliyoniambia "umeghairi" wakati haijaghairi imenifundisha kutoamini skrini yoyote inayosema "imefanikiwa" mpaka nimefungua jedwali na kuangalia kwa macho yangu.

Mbadala ulikuwepo tayari, InnoDB, kazi ya Mfini Heikki Tuuri. Kubadilisha jedwali kulihitaji amri ya mstari mmoja tu. Na hata hapo ulihitaji kuwa macho: kama InnoDB ilikuwa imezimwa kwenye mipangilio ya seva, matoleo ya zamani yalikuundia MyISAM bila kukuambia. MySQL iliifanya InnoDB kuwa ya kawaida kwenye toleo la 5.5, mwishoni mwa 2010. Sijui ni Ubungo ngapi duniani zilizouza kiti namba 14 mara mbili kabla ya hapo.

Nilipohamia InnoDB, kifutio kikafuta. Nikamwita mzee tena, akatikisa kichwa, akasema "Haya." Nikaanza kuona na vya ndani. Databesi yenye adabu, unapoiambia COMMIT, haikimbilii jedwali. Inaandika kwanza kwenye daftari la pembeni, mstari baada ya mstari, habari ya kila kilichobadilika. Inaisukuma diski ihakikishe daftari hilo limeshuka hadi kwenye sahani yenyewe. Na hapo tu inakujibu "tayari". Jedwali litajazwa baadaye, kwa nafasi yake. Umeme ukizima katikati, mashine ikiwaka inafungua daftari: yaliyokomitiwa inayarudishia kwenye jedwali, yasiyokomitiwa inayafuta.

Kishina kwanza, chati baadaye. Nilisoma sura ile mara tatu, nikamwona mzee na kaboni yake.

Kushuka huko hadi kwenye sahani ndiko kunakokula muda. Diski ya siku zile ilizunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na ukitaka kila komiti ishuke peke yake huwezi kupita sana idadi hiyo. Ndiyo maana MySQL ina swichi ya kulegeza: komiti zinarudisha jibu mapema, daftari linashushwa kila baada ya sekunde moja hivi. Umeme ukikatika unapoteza sekunde hiyo. Sekunde moja ya Desemba pale Ubungo ni mama mwenye ndoo. Swichi ile sijawahi kuigusa. Na hata kushuka kwenyewe kuna hila zake: mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, databesi nyingine, waligundua kwamba mfumo endeshi ukishindwa kuandika diski ungeweza kuripoti kosa mara moja, halafu ukiulizwa tena ukasema kila kitu kiko sawa, na data imepotea. Walirekebisha mwaka uliofuata kwa kuifanya databesi ijizime yenyewe badala ya kuuliza mara ya pili. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nafuu kidogo. Kumbe si mimi peke yangu niliyedanganywa na jibu la "sawa".

Tatizo la tiketi mbili za kiti kimoja lilibaki. Hili liliwashinda wengi wa rika langu, na bado linawashinda vijana: muamala peke yake hauzuii watu wawili kusoma kiti kile kile kikiwa wazi. Kila mmoja ndani ya muamala wake anaona chati ilivyokuwa kabla ya mwenzake kukomiti. Nililimaliza kwa kuiwekea databesi sharti: basi, tarehe na namba ya kiti, vitatu hivyo pamoja, visijirudie kamwe. Wa pili anapojaribu kuandika, databesi inamsimamisha. Wa kwanza akikomiti, wa pili anakataliwa. Wa kwanza akighairi, wa pili anapita. Karatasi moja tena, mkono mmoja tena. Desemba ya 2005 hakuna aliyegombana mlangoni, na hakuna aliyenipongeza pia.

Januari 2007 Jim Gray alitoka San Francisco peke yake na mashua yake, *Tenacious*, kuelekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake baharini. Hakurudi. Wahandisi wenzake waligawana picha za satelaiti wakizikagua kipande kwa kipande. Mashua haijaonekana hata leo. Machi ya mwaka huo huo M-Pesa ilizinduliwa Kenya, mwaka uliofuata ikafika kwetu Tanzania, na kazi ya mtu huyo ikaingia mfukoni mwa watu ambao hawajawahi kulisikia jina lake.

Siku hizi naongoza timu ndogo, na bado tunauza viti vya mabasi. Stendi imehamia Mbezi, Ubungo napita tu kwenye foleni. Abiria hawaji dirishani, wanafungua simu. Tunatumia PostgreSQL, na juu yake Django, kiunzi cha programu za wavuti, ambayo ukiweka mpangilio mmoja inazungushia kila ombi la mtumiaji muamala wake: ombi likiisha salama inakomiti, likilipuka inaghairi. Kijana wetu mmoja, hodari kweli, nilipomwuliza komiti yake iko wapi akanionyesha Git. Kwake komiti ni kuhifadhi msimbo. Ya databesi hajawahi kuiandika kwa mkono, inatokea yenyewe kama maji ya bomba. Nilianza kumhadithia habari za MyISAM, akanisikiliza kwa heshima ile ambayo mimi nilimsikiliza nayo mzee.

Ila bomba nalo lina mambo yake. Mara moja tulituma SMS ndani ya muamala, "Kiti chako kimethibitishwa," halafu mstari wa mwisho ukafeli, Django ikaghairi kila kitu. Kila kitu isipokuwa SMS. Databesi inaweza kufuta kiti; haiwezi kuingia kwenye simu ya mtu Tegeta na kufuta ujumbe alioshausoma. Sasa SMS zinasubiri hadi komiti ipite ndipo ziondoke.

Mara nyingine kosa lilikuwa langu, na nywele zimeshaanza mvi. Niliacha muamala wazi tangu abiria achague kiti hadi alipe kwa simu, nikidhani namshikia. Watu wanachagua kiti halafu wanakwenda kutafuta wakala, wanapigiwa simu na shemeji, wanalala. Miamala ikalundikana imeshika kufuli zake bila kufanya kitu, nafasi za kuunganisha na databesi, ambazo PostgreSQL kwa kawaida yake huanza na 100 tu, zikajaa, na programu ikasimama kabisa Jumamosi mchana. Muamala wa databesi ni wa kufumba na kufumbua. Haukuumbwa kumsubiri binadamu. Kwa hiyo penseli ya mzee tuliirudisha kwa njia nyingine: mstari wa kawaida kabisa, umekomitiwa, wenye safu iitwayo hali. Inasubiri. Imelipwa. Imefutwa. Unapewa dakika 10; zikipita, programu inapitisha kifutio. Wino unakuja pale mtandao wa simu unapotuletea habari kwamba pesa imeingia. Habari hiyo huja mara mbili wakati mwingine, kwa hiyo namba ya muamala wao nayo tumeiwekea sharti la kutojirudia. Huchelewa wakati mwingine, na ikichelewa kupita zile dakika 10, kiti kimeshauzwa kwa mwingine, binti wa huduma kwa wateja anakaa na simu kurudisha nauli kwa mkono.

Hapo ndipo panaponisumbua, na miaka yote hii sijapata ufumbuzi. Ndani ya databesi moja mambo ni kama dirisha la mzee, labda bora zaidi. Lakini pesa iko kwenye databesi ya watu wa simu, kiti kiko kwenye yetu, na hakuna COMMIT moja inayofunga zote mbili. Vitabu vina njia ya kuzifungamanisha, ile ya mfungishaji ndoa kuwauliza wote kwanza. Lakini kampuni mbili zisizofahamiana hazikubali kusimamishwa kwenye kufuli moja zikingojeana. Kila upande una kishina chake, na usiku tunalinganisha vishina.

Desemba iliyopita mzee alinipigia. Amestaafu zamani, yuko kwao Same, sauti imekuwa nyembamba lakini utani ni ule ule. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza watoto. Kumbe alikuwa anamkatia mjukuu tiketi ya kuja Dar, kupitia programu yetu, kwa simu yake.

"Mwanangu, hapa mmeniandikia 'Malipo yako yanashughulikiwa'. Hii ni penseli au Bic?"

Nikavuta kiti, nikafungua kompyuta, nikaitafuta namba yake. "Bado penseli, mzee."

"Penseli? Mbona pesa imeshatoka kwenye simu yangu? Ujumbe huu hapa."

"Imetoka, naam."

"Imeingia droo yako?"

"Bado haijaingia."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia jogoo na redio. "Mimi penseli yangu," akasema taratibu, "ilikuwa haishiki pesa ya mtu. Sasa hii imetoka kwangu, haijafika kwako. Iko wapi?"

Niliutazama mstari wake kwenye skrini. Ulikuwa umeandikwa "inasubiri", kiti namba 14, na katika zile dakika 10 zilikuwa zimebaki 2.